Tulipotoa Upepo Bidiyah

Sauti ya kwanza niliyoisikia Bidiyah, Omani, mlangoni mwa jangwa, ilikuwa ya tairi likitoa upepo. Dereva wetu, Bedui wa makamo mwenye kanzu ya rangi ya kahawia na kilemba kilichofungwa kwa haraka, alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akafungua kifuniko cha vali, akabonyeza kwa ncha ya ufunguo. Upepo ukatoka kwa mluzi mrefu. Mjomba alisimama nyuma yake, na mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja aliinama na kipimo mkononi, akisoma namba kwa Kiarabu. Kutoka 35 ikashuka 30, ikashuka 25, ikashuka 20. Ilipofika 16 dereva akanyanyua kidole, akahamia tairi la pili.

Nikamuuliza mjomba kulikoni, maana kwetu Unguja tairi lenye upepo mdogo ni la kupelekwa kwa fundi.

"Ili motokaa itembee kama ngamia," akanijibu. "Ushawahi kuutazama wayo wa ngamia, mwanangu? Ni mpana, laini, hutanuka pale anapokanyaga. Tairi lililojaa ni kwato ya punda, linachimba. Hili sasa litalala juu ya mchanga."

Nikatazama chini. Kweli, tairi lilikuwa limebonyea pembeni, limekaa kama chapati iliyoanza kusukumwa. Uzito wa gari ni uleule, lakini sasa umetawanyika mahali papana zaidi, na mchanga unaweza kuubeba.

Nimeanza na tairi kwa sababu neno lile, upepo, lilinifuata jioni nzima.

Mjomba huyu si tumbo moja na mama yangu, ni mtoto wa mama yake mkubwa, lakini kwetu hilo halina hesabu. Mjomba ni mjomba. Alizaliwa Malindi, Unguja, akaondoka 1964 na miaka tisa yake, baada ya Mapinduzi, akishikwa mkono na mamake. Wakakaa Mombasa, wakakaa Dubai, mpaka 1970 Sultan Qaboos aliposhika nchi na Waomani wa Afrika Mashariki wakaanza kurudi kwa makundi. Leo ana miaka sabini na ushei, anaishi Maskati, na Kiswahili chake ni kile alichoondoka nacho. Bado gari kwake ni motokaa. Namsikiliza kama mtu anayefunguliwa sanduku la bibi yake.

Babu wa babu yake alitoka Mudayrib, kijiji cha mkoa wa Sharqiya kilicho karibu na Bidiyah. Kwa hiyo safari hii ya "kwenda kula chakula cha usiku jangwani", kama alivyoiita kwenye simu, kwake ilikuwa pia safari ya kwenda nyumbani. Mkaza mjomba hakuja. Alitufungashia tende, birika la kahawa na kitambaa cha kufunga kichwa changu, akasema mchanga wa Bidiyah keshaula vya kutosha katika maisha yake.

Kutoka Maskati ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi, barabara nzuri inayopasua milima ya Hajar, milima mikavu isiyo na hata kichaka cha kujificha mbuzi. Tulipofika Ibra mjomba akaomba tupinde. Akatupitisha katika mitaa ya zamani, magofu ya nyumba za ghorofa za matajiri wa karne zilizopita, kisha Mudayrib penyewe. Hapo nilisimama mbele ya mlango nikashindwa kuondoka. Ulikuwa mlango wa mbao uliochorwa nakshi, nguzo yake ya katikati imechongwa maua, na lau ungeuhamishia Shangani au Malindi hakuna ambaye angegeuka kuutazama mara mbili. Ndani, dari lilikuwa limelazwa magogo membamba, ya unene mmoja, yaliyopangwa karibu karibu.

"Boriti," mjomba akasema.

Boriti, ndiyo. Mikoko ya Rufiji na ya Lamu ilikatwa, ikapakiwa majahazini, ikavushwa kwenda Uarabuni, miaka na miaka. Upana wa vyumba vya kizamani vya Unguja ulitokana na urefu wa boriti, kila mtoto wa Mji Mkongwe anaambiwa hivyo. Sikutarajia kuzikuta juu ya kichwa changu mahali ambapo jirani yake ni jangwa. Zilizojenga nyumba hizi ni fedha za karafuu na pembe, na lazima niseme pia, za watu waliouzwa. Mjomba hakulikwepa neno hilo. Alilisema taratibu, mkono ukiwa ukutani.

Basi tukafika Bidiyah kama saa tisa na nusu alasiri, tukahamia kwenye Land Cruiser ya Bedui, tukatoa upepo.

Nilikwisha wahi kupanda gari la jangwani mara moja kabla, Dubai, kwenye vilima vyekundu vya Lahbab. Ilikuwa safari ya kununua: gari sita zikifuatana, dakika ishirini za kurushwa juu na chini, mtoto wa watu akatapika kwenye mfuko, kisha kambi yenye spika kubwa, mcheza tanura wa Kimisri akizunguka na sketi yake ya taa, foleni ya chakula, na saa tatu usiku tukawa tumerudishwa hotelini. Mcheza tanura alikuwa fundi hasa, sitamsahau. Lakini jangwa lenyewe sikuliona. Kila liliponyamaza lilifunikwa na muziki.

Huku Bidiyah mchanga una mpangilio ambao dereva aliuchora kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Eneo lote lina urefu wa kilomita kama 180 kutoka kaskazini hadi kusini, na upana wa kama 80. Juu yake kumelala migongo mirefu ya mchanga, mingine ikikaribia mita mia kwenda juu, yote ikielekea kaskazini na kusini kama matuta ya shamba la jitu. Kati ya mgongo na mgongo kuna bonde tambarare, na hiyo ndiyo barabara. Mwenye safari ya kawaida hupita mabondeni. Mwenye kutaka kuujua mchanga hupanda mgongo.

Tukapanda.

Dereva aliingiza gia nzito, akafunga vioo, akatuambia mikanda ikazwe, akaukabili mteremko moja kwa moja. Hilo ndilo sharti la kwanza, kupanda wima na kushuka wima. Ukiukata mlima kiubavu, mchanga wa chini hukimbia, tairi za chini huzama, na gari hupinduka. Sharti la pili ni mwendo usiokatika. Injini ikaunguruma, pua ya gari ikainuka hadi nikaona mbingu tupu kwenye kioo cha mbele, na hapo juu kabisa, kwenye ukingo uliochongoka kama wembe, akaachia mafuta. Gari likachungulia. Kwa pumzi moja hapakuwa na kitu mbele yetu. Kisha pua ikainama upande wa pili, tukateremka pamoja na mchanga wenyewe, maana upande ule wa kukingwa na upepo mchanga umesimama kwenye mwinamo wa mwisho unaoweza kuuvumilia, kama nyuzi 34, na ukiugusa tu unaporomoka. Hakukanyaga breki hata mara moja. Mchanga ulitiririka kando ya milango kwa sauti nzito, mvumo wa chini unaousikia kifuani kabla ya masikioni.

Yule mtoto alipiga kelele za furaha. Mimi nilikuwa nimeushika mkono wa mjomba bila kujua.

Mgongo wa tatu nikaharibu. Mwanga wa saa kumi na moja ulikuwa umeugeuza mchanga rangi ya ganda la chungwa lililoiva, vivuli vimelala virefu, nami nikamwomba dereva asimame nipige picha. Tulikuwa katikati ya kupanda. Akasita, na kule kusita tu kulitosha. Tairi za nyuma zikazunguka mara mbili, gari likakaa chini kama kuku anayeatamia.

Hakunilaumu. Alizima injini mara moja, kwa sababu kukanyaga mafuta hapo ni kujichimbia kaburi, kila mzunguko unaongeza kina. Tukateremka sote na kuanza kuchimba, yeye kwa sepetu, sisi kwa mikono. Unaondoa mchanga nyuma ya tairi na chini ya tumbo la gari, nao unarudi, unaondoa tena, unarudi pungufu kidogo. Akatoa upepo zaidi, mpaka 12. Kisha akarudi kinyumenyume kwenye alama zake mwenyewe za kupandia, palipokwisha shindiliwa, pole pole hadi bondeni. Ilituchukua kama nusu saa.

Nusu saa hiyo ndiyo iliyonipa mchanga mkononi. Ukiutazama kutoka mbali ni rangi moja. Ukiutia kiganjani na kuusogeza karibu na macho, siyo. Kuna punje za rangi ya kutu, ambazo kweli ni kutu, ganda jembamba la chuma lililozizunguka. Kuna punje angavu kama chembe za chumvi ya mawe. Kuna nyeusi chache. Na kuna nyeupe zisizong'aa, butu. Nikamwonyesha mjomba.

"Hizo bahari," akasema.

Nilidhani anatunga. Hakutunga. Katikati ya miaka ya themanini, 1985 hadi 1987, wataalamu wa Royal Geographical Society ya Uingereza walikuja kulichunguza jangwa hili kila upande, mimea, wadudu, maji, watu na mchanga wenyewe, na mjomba alikuwa kijana wa ofisini Maskati aliyesaidia kuandika barua zao. Chini ya mchanga huu unaotembea kuna matuta ya zamani yaliyogandamana yakawa jiwe, na sehemu kubwa ya jiwe hilo ni vipande vya magamba ya viumbe wa baharini. Zama za barafu, maji ya dunia yalipofungwa kwenye ncha zake, bahari ilishuka na sakafu yake ikabaki wazi juani. Upepo ukaikomba, ukaileta huku. Ule uliojenga migongo mikubwa tuliyokuwa tukiipanda ulivuma kutoka kusini. Ndiyo sababu imelala kusini kwenda kaskazini.

"Ni upepo gani?" nikauliza, ingawa nilishaanza kuhisi jibu.

"Kusi, mwanangu. Upo mwingine?"

Nikakaa chini palepale. Kusi ninaoujua mimi ni ule unaoanza kwetu baada ya kaskazi kulegea, unaochafua bahari ya Nungwi na kuwarudisha wavuvi mapema. Ndio huohuo ukifika Salalah, kusini mwa Omani, unabeba ukungu na manyunyu, milima ikawa kijani Juni hadi Septemba. Ndio uliowarudisha makwao majahazi ya Sur, bandari ya Omani, yaliyokuja Unguja na kaskazi yakiwa na tende na papa mkavu, yakaondoka na boriti. Babu wa babu yake mjomba alikwenda na upepo mmoja, akawa anasubiri mwingine umrudishe, kisha msimu mmoja akaacha kusubiri, akaoa. Na upepo ule uliompa njia ndio ulioukusanya mchanga huu mlangoni kwao, maelfu ya miaka kabla hajazaliwa. Nilikuja nikidhani jangwa na pwani yetu ni vitu viwili vya mbali kabisa.

Jua lilizama kama saa kumi na mbili kasoro robo. Tulikuwa juu ya mgongo, injini imezimwa. Mjomba akaswali Maghribi nasi nyuma yake, na hapo tena nikashtuka kidogo. Unguja kibla chetu ni kaskazini, karibu wima kabisa, na jua la Maghribi linatuachia mkono wa kushoto. Hapa tulielekea magharibi, usoni pamejaa wekundu, jua limezama kushoto kidogo tu mwa paji la uso. Nilisujudu kwenye mchanga ambao juu ulikuwa umeshapoa, na kidole kikiingia ndani kinakuta bado una joto la mchana.

Kambi ilikuwa ya familia ya dereva, mahema machache ya singa za mbuzi bondeni, karibu na miti ya ghaf. Mti huu unastahili heshima. Mizizi yake huzama makumi ya mita kufuata maji, na Mabedui hawaukati ukiwa hai, huokota matawi yaliyokauka tu, maana kivuli chake na majani yake ndiyo uhai wa mbuzi na ngamia. Dereva aliuzunguka kwa mbali na gari, asikanyage hata miche. Nimeona gari nyingine jioni ile, si zake, zikikata moja kwa moja juu ya vichaka, na roho iliniuma. Kichaka kimoja pale kimeshika tuta zima lisihame. Nilimwona pia akisimama mara mbili kuokota chupa na mifuko ya plastiki. Ngamia huila. Dubai madaktari wa mifugo wamekuta mabonge ya plastiki, magumu kama mawe, matumboni mwa ngamia waliokufa.

Mkewe alitupokea mlangoni mwa hema akiwa amevaa barakoa. Tangu mwaka 2020 neno hili kwetu ni kitambaa cha hospitali, lakini barakoa hasa ndiyo hii: kitambaa kigumu kinachometameta, kimekatwa matundu mawili ya macho, na katikati kijiti kinachosimama juu ya pua kama mkuku wa ngalawa. Zile picha za kale za wanawake wa majumba ya kifalme Unguja, ndivyo walivyovaa. Macho yake yalicheka kabla sijafungua mdomo. Hakujua Kiswahili, wala Kiarabu changu si cha kujivunia, lakini alipoanza kuandaa tukajikuta tunaelewana kwa vyombo. Akasema *sahan*, nikampa sahani. Akasema *finjan*, nikampa finjani. Akafungua mkebe, akaninusisha, akasema *bizar*, na ilikuwa bizari.

Kahawa ilitangulia, chungu, yenye iliki, baada ya tende na kipande cha halua. Humiminwa kidogo tu, robo ya kikombe, na unaendelea kuongezewa mpaka ukitikise kikombe kulia na kushoto. Mjomba alitikisa chake kwa kifundo cha mkono, mara mbili, bila kukatisha maneno yake. Niliujua mtikiso ule. Marehemu bibi yangu alifanya hivyohivyo hata kwa kikombe cha chai, na sote tulidhani ni mazoea yake tu.

Kisha nyama. Walikuwa wameifukia tangu jana yake, mbuzi aliyepakwa bizari na siki na kitunguu thomu, akafungwa majani ya mgomba, akatiwa kwenye mfuko wa makuti uliosukwa, akashushwa kwenye shimo la makaa na kufunikwa udongo. Hiyo ndiyo shuwa, chakula cha Idi. Kijana mmoja alifukua kwa sepetu, na mvuke ulipotoka watu wote wakanyamaza. Nyama iliachana na mfupa kwa kuguswa. Ililetwa juu ya wali, sinia moja, tukakaa duara, mkono wa kulia. Pembeni kulikuwa na mishikaki, ambayo Omani huiita vivyo hivyo karibu, *mishkak*, na ukitaka kugombana na mtu wa Maskati mwulize iliyotangulia ni ya kwao au ya Forodhani.

Baada ya kula dereva akazima taa. Hakutangaza. Alizizima tu, akakaa.

Sijapata kuona usiku kama ule. Kulikuwa na baridi ya Januari, mtoto amejifunika blanketi hadi kidevuni. Kilimia kilikuwa juu ya utosi, sawasawa, ilhali kwetu majira kama yale hukiona kimeinamia kaskazini. Nikamwambia mtoto jina lake, na mjomba akamtafsiria, kisha mjomba mwenyewe akakumbuka: "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua." Akanyamaza kidogo. "Na kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Mama alikuwa akisema hivyo akitaka kupanda muhogo." Sauti yake ilipasuka kwenye neno mama.

Mtoto akamuuliza jambo kwa Kiarabu. Mjomba akanigeukia. "Anauliza kwa nini sikumfundisha."

Hakumjibu mara moja. Nami naielewa ile kimya, kwa sababu Maskati nimekaa wiki mbili na nimeona jinsi mambo yalivyo. Wazee wanazungumza Kiswahili sebuleni, watoto wao wanakisikia na kujibu nusu nusu, wajukuu wanajua "njoo", "kaa", "mandazi". Wale waliorudi miaka ya sabini walikuwa na haraka ya kuonekana Waomani kamili. Waliitwa Wazanzibari huku, kama walivyoitwa Waarabu kule. Ukiwa na jina kama hilo mgongoni, lugha unaiacha ndani ya nyumba, na nyumba zinazeeka. Naumia juu ya hili na sitaki kulificha.

Tuliondoka kambini saa tatu na nusu. Njia ya bonde, pole pole, taa zikimulika mbweha mmoja aliyesimama kututazama kisha akageuka bila haraka. Bidiyah tukasimama kwenye kituo cha mafuta, maana ukiingia lami na upepo wa 16 tairi linachemka na kupasuka. Dereva akavuta mpira wa kompresa. Mtoto akachukua kipimo chake.

"Soma kwa Kiswahili," mjomba akamwambia, kwa Kiarabu.

Mtoto akatikisa kichwa. Hajui.

"Soma tu. Hiyo ni *'ishrin*. Kwetu, ishirini."

Mtoto akamtazama kuona kama anafanyiwa mzaha. Sindano ikapanda. Ikafika 30, naye mwenyewe akajaribu, akinusa neno kabla ya kulitoa: "*Thalathin*... thelathini?"

"Ahaa."

"Thelathini!" Akacheka, akamwangalia dereva, akaniangalia mimi. Ikabaki ile tano, ambayo ilibidi aazimwe. Mjomba akamnyooshea vidole vya mkono mmoja, akamwambia neno lake. Kompresa ilikuwa inanguruma, kwa hiyo mtoto alilisema kwa kupaza sauti, tairi la kwanza, la pili, la tatu, na kwenye la nne hakungoja kuambiwa. Alichuchumaa chini ya taa ya kituo, mchanga ukimwagika kutoka mikunjo ya kanzu yake, akapiga kelele: "Thelathini na tano! Babu, upepo umetosha!"